Barua za Hesabu: Binomia inaingia wapi, na wapi haiingii?

Katika toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu mgawanyo wa binomia, ile kanuni tunayoitumia tukitaka kujua jambo fulani litatokea mara ngapi kati ya mara kadhaa. Nikasema kuikokotoa ni kazi ya dakika tano, ila kujua mahali pake ndiyo kazi yenyewe. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua tano zilizotoka kwa watu wenye jambo halisi mkononi. Mbili zinahusu afya ya watoto, na hizo nimezitanguliza.

Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tulipimwa tukaambiwa sote ni AS. Watoto wetu wawili wana selimundu, na sasa nina mimba ya tatu. Daktari alisema mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuwa nayo. Mama mkwe anasema basi zamu ya ugonjwa imeshapita, tena imepita mara mbili, watakaofuata watakuwa salama. Mume wangu anasema kwetu ugonjwa umeshazoea, hata huyu atakuwa nao. Na majirani wapo wanaosema ni laana ya ukoo. Nimsikilize nani?
*Mama wawili, Mwanza*

Marahaba mama. Pole kwa kuuguza wawili huku una mimba. Mama mkwe anakutakia mema na mumeo amechoka, nawaelewa wote, lakini hakuna aliye sahihi kati yao. Uwezekano wa huyu aliye tumboni kuwa na selimundu ni robo. Ulikuwa robo kwa wa kwanza, ukawa robo kwa wa pili, na ni robo sasa. Haujapungua wala haujaongezeka.

Sababu iko katika namna mimba inavyotungwa. Wewe una kinasaba kimoja cha A, kile cha kawaida, na kimoja cha S, kile cha selimundu, na mumeo vivyo hivyo. Kila mimba unatoa kimoja, naye anatoa kimoja, bila mmoja wenu kuchagua. Njia ni nne: A na A, A na S, S na A, S na S. Hiyo ya mwisho ndiyo selimundu. Yai la safari hii halina habari ya kile kilichobebwa na yai la miaka mitatu iliyopita. Mwili hauweki daftari la zamu, kwa hiyo hauwezi kusema "wameshapata wao" wala "tumeshazoea".

Hapa ndipo binomia inapoingia, na inaingia bila kulazimishwa. Chukua wazazi wawili wa AS wanaokusudia kuzaa watoto wanne. Idadi inajulikana kabla. Kila mtoto ama ana SS ama hana. Uwezekano ni robo ile ile kwa kila mmoja. Na aliyopata mmoja hayamgusi mwenzake. Ukikokotoa utaona kwamba katika familia 256 za namna hiyo, kwa wastani 81 hazitapata mtoto mgonjwa hata mmoja, 108 zitapata mmoja, 54 wawili, 12 watatu, na familia moja itapata wote wanne. Tazama hizo 108. Hazifiki nusu. Wanaosikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani ni hesabu ya kila nyumba wanajiwekea matumaini au hofu ambayo zaidi ya nusu ya nyumba hazitaiona. Daktari wenu alisema kweli, ila alikuwa anazungumzia kila mimba, hakuwa anawagawia watoto.

Orodha hiyo ya 81, 108, 54 na kuendelea ni ya wazazi ambao hawajaanza. Ninyi mmeshaanza. Kwa watoto wawili waliokwisha kuzaliwa hakuna uwezekano tena, wapo wenyewe na mnawalea. Kilichobaki mbele yenu ni jaribio moja, na jaribio moja ni robo mgonjwa, robo tatu si mgonjwa. Ukinisikiliza mimi, ishike hiyo robo tatu, lakini usiishike kama ahadi.

Mambo mawili yangenifanya niiweke binomia kando. La kwanza ni mapacha wa kufanana. Hao wametoka katika yai moja lililogawanyika, kinasaba cha mmoja ndicho cha mwenzake, kwa hiyo hapo kuna watoto wawili lakini jaribio ni moja. La pili ni wazazi wanaosema "tutazaa mpaka tupate wazima wawili". Robo ni ile ile, vinasaba ni vile vile, lakini idadi ya watoto haijulikani tena kabla ya safari, inategemea yatakayotokea njiani. Hiyo si binomia hata kidogo, na nitaieleza zaidi kwa mwanafunzi wa Tabora hapo chini.

Kuhusu laana. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu wenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba cha S kimebaki kwa wingi katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa karne nyingi, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo. Mababu zenu walionusurika na malaria ndio waliowaachia. Waambie majirani hivyo. Na wewe waambie mapema wakunga kwamba ninyi ni AS wote wawili, ili mtoto apimwe mara tu anapozaliwa. Majibu yakionyesha SS, matibabu yanaanza kabla ya maumivu ya kwanza, na hilo linaokoa maisha.

Mwalimu, nafanya kazi katika kliniki ya selimundu. Nilichukua mafaili ya familia ambazo wazazi wote ni AS na zina watoto wanne. Nikahesabu watoto wote, wagonjwa na wazima. Vitabu vinasema robo, mimi napata zaidi ya theluthi. Nimerudia kuhesabu, ni hivyo hivyo. Vitabu vimekosea, au huku kwetu ugonjwa una nguvu zaidi?
*Muuguzi, Dodoma*

Barua yako imenifurahisha sana, maana ni watu wachache wanaopima kitabu kwa mafaili yao wenyewe. Kitabu hakijakosea, wala ugonjwa hauna nguvu zaidi huko kwenu. Jibu liko kwa familia ambazo hazikuja kliniki.

Rudi kwenye zile familia 256 nilizomwandikia mama wa Mwanza, na tuseme zimeangukia sawasawa na uwezekano. Watoto wote ni 1,024. Wagonjwa ni 108 wa nyumba za mmoja, 108 wa nyumba za wawili, 36 wa nyumba za watatu, na wanne wa ile nyumba moja. Jumla 256, robo kamili. Sasa ni nani watakaofungua faili kwako? Zile familia 81 zisizo na mtoto mgonjwa hazina sababu ya kuja, na pengine wazazi wenyewe hawajui kwamba ni AS. Zinabaki familia 175, zenye watoto 700. Wagonjwa wote 256 wako humo. 256 kwa 700 ni karibu asilimia 37. Theluthi na zaidi, kama ulivyopata.

Kwa hiyo binomia ilikuwepo pale familia zilipokuwa zinazaa, lakini haipo katika kabati la mafaili. Mlango wa kliniki umechuja. Mtu anayeuliza kama binomia inafaa, aulize pia: hivi vitu nilivyo navyo mbele yangu vimenifikiaje? Kama matokeo yenyewe ndiyo yaliyoamua nani aonekane na nani asionekane, kanuni iliyofaa nje haifai tena ndani.

Ipo njia ya kuipata robo humo humo katika mafaili yako. Daktari Mjerumani, Wilhelm Weinberg wa Stuttgart, aliieleza mwaka 1912. Mchukue kila mtoto mgonjwa kwa zamu yake, muweke kando, kisha hesabu ndugu zake tu. Katika mfano wetu wagonjwa 256 wana ndugu watatu kila mmoja, jumla 768 (ndugu mmoja anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja, na ni sawa). Ndugu wagonjwa: nyumba za mmoja hazina, nyumba 54 za wawili zinatoa 108, nyumba 12 za watatu zinatoa 72, na nyumba ya wanne inatoa 12. Jumla 192. Gawa kwa 768, unapata robo. Yule aliyeileta familia kliniki ndiye aliyekuwa anapindisha hesabu, ukimtoa inanyooka. Fanya hivyo kwa mafaili yako, halafu niandikie umepata nini. Haitakuwa robo kamili, mafaili halisi hayawi hivyo, lakini itakuwa jirani.

Shikamoo Mwalimu. Nina mashine ya kutotolesha inayobeba mayai 30. Anayeniuzia mayai anasema katika kila mayai kumi, manane yanatoa vifaranga. Mara napata vifaranga 27, mara 25, halafu inakuja awamu napata sita, au tisa. Kijana wangu wa kidato cha sita amekokotoa kwa binomia akaniambia huo ni mchezo wa bahati, nivumilie. Je, ni kweli?
*Mfugaji, Kibaha*

Marahaba ndugu yangu. Usivumilie. Kijana amekokotoa, ila hakuitazama mashine.

Tuanze na hesabu yake mwenyewe, maana ikisomwa vizuri inamkana. Mayai 30, kila moja lina uwezekano wa 0.8. Wastani ni 24. Binomia pia inatuambia matokeo yatatawanyika kiasi gani kuzunguka wastani: zidisha 30 kwa 0.8 kwa 0.2, unapata 4.8, na kipeuo chake cha pili ni takriban 2.2. Awamu nyingi zitakuwa ndani ya mara mbili ya hapo, juu au chini, yaani kati ya vifaranga 20 na 28. Hizo 27 na 25 zako zimo. Tisa haimo, na sita iko mbali kupita kiasi, zaidi ya mara nane ya mtawanyiko. Kama kweli kila yai lingekuwa linajiamulia lenyewe, ungefuga maisha yako yote, na watoto wako na wajukuu, bila kuona awamu ya vifaranga sita.

Basi mayai hayajiamulii. Yamo ndani ya sanduku moja, yanapumua hewa moja, yanapashwa moto na balbu moja. Umeme ukikatika usiku wa manane na joto likashuka kwa saa nyingi kutoka 37.5, halipoi yai moja, yanapoa yote thelathini. Maji yakikauka katika beseni la unyevu yanakauka kwa wote. Siku ambazo kila kitu kimekwenda sawa, karibu yote yanatoa vifaranga. Siku ambayo jambo moja limeharibika, yanakufa kwa makundi. Ndiyo maana unaona awamu nzuri sana na awamu mbaya sana.

Naisisitiza hii kwa sababu ndiyo inayowaponyoka watu wengi, hata waliosoma. Masharti matatu ya binomia yanaonekana kwa macho. Mayai ni 30, idadi haibadiliki. Matokeo ni mawili, kifaranga au viza. Uwezekano tumepewa, 0.8. Mtu anaona matatu yametimia, anaandika kanuni. Sharti la nne, kwamba yai hili halina uhusiano na lile, halionekani mpaka ujue vitu hivyo vinaishi wapi na vinashiriki nini. Darasani hatulioni, kwa sababu sarafu na dadu za vitabuni hazikai chini ya paa moja. Mayai yanakaa. Wanafunzi wa bweni moja kipindi cha homa ya matumbo wanakaa. Mihogo ya shamba moja kirusi cha michirizi kikiingia inakaa. Kila mahali ambapo sababu moja inaweza kugusa wengi kwa pamoja, binomia itakudanganya, na itakudanganya upande mmoja: itakuambia mambo yametulia kuliko yalivyo.

Hili lilionekana hata kwa watoto wa binadamu. Huko Saxony, Ujerumani, karne ya 19, zilikusanywa rekodi za familia nyingi mno, na humo kulikuwa na familia 6,115 zenye watoto 12. Ukitumia binomia unategemea familia kama mbili tu zenye wavulana watupu kumi na wawili. Zilikuwa saba. Zenye wasichana watupu zilipaswa kuwa kama moja, zikawa tatu. Tofauti ni ndogo kuliko ya mayai yako, lakini ishara ni ile ile: mwisho wa huku na mwisho wa kule pamejaa kuliko inavyotakiwa, na ukiona hivyo jua nyumba hazifanani, kuna kitu ndani ya kila nyumba kinachowahusu watoto wake wote.

Sasa la kufanya. Siku ya saba pima mayai kwa mwanga wa tochi gizani. Yasiyo na mishipa ya damu hayakurutubishwa, hayo ni ya jogoo na ya muuzaji. Yaandike na uyatoe. Siku ya 21 ikipita, hesabu yaliyokufa yakiwa na kifaranga ndani, hayo mengi ni ya mashine. Fanya hivyo awamu kadhaa, na pembeni andika umeme ulikatika lini na kwa saa ngapi. Mayai yasiyorutubishwa huenda yakakaribia binomia, ingawa jogoo ni mmoja na akiugua utaona. Yaliyokufa ndani hayatakaribia kabisa, na tarehe za awamu mbaya zitakuonyesha sababu.

Na ukiwa unalinganisha mashine mbili, usiseme "nimejaribu mayai 180". Umejaribu mashine mara sita. Awamu ndiyo jaribio.

Mwalimu, kwenye mtihani natambuaje kwamba swali ni la binomia? Rafiki yangu anasema nikiona "angalau" au "isiyozidi" niingie moja kwa moja. Mwingine anasema niangalie kama matokeo ni mawili. Nimekosa maswali matatu: la kuchagua wanafunzi watatu kutoka darasa la 40, la kutupa dadu mpaka sita itokee, na la simu zinazopigwa ofisini kwa saa.
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora*

Rafiki wa kwanza anakupoteza. "Angalau" na "isiyozidi" yanakuambia ujumlishe vipande vipi baada ya kuchagua kanuni. Kanuni yenyewe hayaijui. Nimesahihisha karatasi nyingi za watoto wenye akili walioshindwa kwa kuwinda maneno. Soma swali, kisha lione likitendeka: nani anafanya nini kwanza, anafuata nini, anasimama lini. Mpangilio wa tukio ndio unaokupa jibu, si maneno ya sentensi.

Darasa la 40. Tuseme wasichana ni 25, na unataka uwezekano kwamba wote watatu waliochaguliwa ni wasichana. Umemwita wa kwanza, amesimama mbele. Hawezi kuitwa tena. Waliobaki ni 39, na wasichana 24. Uwezekano umebadilika mbele ya macho yako. Jibu sahihi ni 25/40 mara 24/39 mara 23/38, yaani 0.233. Binomia ingekupa 0.244. Jacob Bernoulli wa Basel, ambaye majaribio ya namna hii yamepewa jina lake, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake, alitoa mfano wa chombo chenye vijiwe vyeupe 3,000 na vyeusi 2,000, na alikuwa mwangalifu kusema kila kijiwe kinarudishwa kabla ya kuchukua kingine. Kurudisha huko ndiko kunakoiweka binomia hai.

Lakini usigeuke ukaona kila kisichorudishwa ni haramu. Shule ikiwa na wanafunzi 4,000, wasichana 2,500, ukachagua watatu, jibu kamili ni 0.2440 na la binomia ni 0.2441. Hakuna mtu atakayeiona tofauti hiyo. Desturi ya wengi ni kuikubali binomia pale unachochukua hakizidi sehemu ya kumi ya vilivyopo. Watatu kati ya 40 wako chini ya hapo pia, ndiyo maana majibu yetu mawili hayakuachana sana. Lakini mtihani ukikupa darasa dogo na idadi kamili, unakutaka ufanye hesabu kamili.

Dadu mpaka sita itokee. Hapa kila kitu kinafaa isipokuwa kimoja: hujui utatupa mara ngapi. Katika binomia idadi ya kutupa imefungwa, na unahesabu sita. Hapa sita imefungwa, ni moja tu, na unahesabu kutupa. Uwezekano kwamba sita ya kwanza itakuja mara ya nne ni 5/6 mara 5/6 mara 5/6, kisha mara 1/6, yaani 125/1296. Njia ni moja tu, hakuna haja ya kuchagua nafasi, kwa kuwa sita lazima iwe mwishoni.

Simu za ofisini. Uliza: ni ngapi kati ya ngapi? Hakuna "kati ya ngapi". Huwezi kuhesabu simu ambazo hazikupigwa. Hapo unatumia mgawanyo wa Poisson, ule wa kuhesabu matukio katika muda fulani.

Sasa rafiki wa pili, wa matokeo mawili. Amekaribia, lakini aelewe mambo mawili. Dadu ina nyuso sita na bado inaingia binomia, mradi wewe unauliza "sita au si sita". Wewe ndiye unayeyafanya yawe mawili, kwa swali unalouliza. Na matokeo kuwa mawili hakumaanishi ni nusu kwa nusu. Mwanafunzi anayebahatisha swali lenye majibu manne ama atapata ama atakosa, lakini kupata ni robo. Nimesikia hata watu wazima wakisema mvua itanyesha au haitanyesha, basi ni asilimia hamsini. Huko Tabora mwezi wa saba, asilimia hamsini!

Mwalimu, nilinunua mbegu za mahindi, pakiti imeandikwa uotaji asilimia 90. Nikaotesha kumi kwenye kitambaa kibichi, zikaota nane. Nimeuziwa mbegu feki? Nikamshtaki mwenye duka?
*Mkulima, Mbozi*

Bado, ndugu. Tuseme pakiti inasema kweli. Mbegu kumi, kila moja 0.9. Uwezekano wa kuota nane au pungufu ni 0.26. Yaani hata kwa mbegu nzuri kabisa, wakulima wanne wakifanya jaribio lako, mmoja hivi ataona ulichokiona. Kwa ushahidi huo huwezi kumwita mtu mwizi.

Kumi ni chache mno. Otesha mia. Kwa mbegu za asilimia 90, kuota 80 au pungufu kati ya mia hutokea kama mara mbili katika majaribio elfu moja. Uwiano ni ule ule wa nane kwa kumi, lakini uzito wake ni mwingine kabisa. Mpaka wako uwe 84: kwa mbegu nzuri, 84 au pungufu hutokea kama mara nne katika majaribio mia, na hapo una haki ya kuuliza maswali. Maabara za mbegu hutumia mbegu 400, kwa kawaida katika mafungu manne ya mia mia.

Lakini hesabu hizi zinasimama tu kama mbegu zako hazihusiani, na hapo unaweza kuziharibu mwenyewe bila kujua. Usichote zote juu ya mfuko, changanya kwanza, uchote juu, katikati na chini. Usizibananishe kwenye kitambaa kimoja, maana mbegu moja yenye ukungu inaambukiza jirani zake. Zigawe mafungu manne ya 25, kila fungu kitambaa chake, ziachane kwa upana wa kidole, zote zipate maji sawa. Baada ya siku saba hesabu kila fungu peke yake. Mafungu yakiwa 22, 23, 21, 23, jumlisha na uamini jumla. Yakiwa 24, 23, 9, 24, tatizo ni kitambaa cha tatu, kilikauka au kilioza, na jaribio hilo lirudie kabla ya kumlaumu mtu.

Zikiwa chini kweli, usianze na ugomvi. Chukua risiti, pakiti yenyewe na mbegu zilizobaki, uende kwa afisa kilimo wa kata, naye atakuelekeza kwa Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, TOSCI, ambayo makao yake ni Morogoro. Pakiti usiitupe, kwa sababu namba iliyochapwa kwenye lebo ndiyo itakayowaonyesha mbegu hizo zilitoka fungu gani.